Kitovu cha mtoto: muuguzi afuate jibu la upande gani wa mpaka?

AKINA mama wanaovuka mpaka wa Kobero na vitenge, mchele na dagaa wanajua jambo ambalo wakubwa wa afya hawalioni wakiwa ofisini. Mtoto mmoja, katika wiki yake ya kwanza duniani, anaweza kupewa maagizo matatu yanayopingana kuhusu kitovu chake.

Upande mmoja wa mpaka mama anaambiwa apake dawa ya klorheksidini kila siku. Upande wa pili anaambiwa asipake kitu chochote, akiache kikauke chenyewe. Akifika nyumbani anamkuta bibi wa mtoto anamngoja na majivu, au mafuta, au majani yaliyosagwa, kwa sababu ndivyo yeye alivyolea watoto wake saba. Kwa waliorudi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta mambo ni hayo hayo. Walizoea maagizo ya kliniki ya kambini, wamefika kwao wamekuta mengine.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande huu wa Burundi. Swali hili naulizwa mara kwa mara: "Muganga, sasa nifuate lipi?" Si swali dogo. Kitovu kibichi ni mlango ulio wazi. Vijidudu vikipita hapo vinaweza kuingia kwenye damu ya mtoto, na pepopunda ya watoto wachanga hupita mlango huo huo. Mtoto wa siku nne hana muda wa kungoja sisi wakubwa tukubaliane.

Sasa muuguzi alitoe wapi jibu? Desturi yetu ni kumuuliza aliyetutangulia kazini. Naye hujibu kama alivyofundishwa shuleni, pengine miaka 20 au 30 iliyopita. Kuheshimu wakubwa ni jambo jema na mimi silipingi. Lakini wakubwa wawili wa pande mbili za mpaka wakitofautiana, heshima peke yake haiwezi kutuambia nani amesema kweli.

Maoni yangu ni haya: majibu ya maswali mengi ya uuguzi yamekwisha kutafutwa na watafiti, yamechapishwa, na kwa nchi zetu sehemu kubwa yako wazi bila malipo. Kinachotukosesha ni ujuzi wa kuyatafuta, pamoja na funguo ambazo wenye ofisi wamezikalia. Na gharama ya kutojua kutafuta inalipwa na mama anayetoka kliniki na maagizo mawili mkononi.

Nianze na mahali yalipo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu za tafiti kwenye kompyuta, inayoitwa PubMed. Imekuwa wazi kwa umma bila malipo tangu mwaka 1997, na sasa ina rekodi za makala zaidi ya milioni 35. Ipo Maktaba ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya tafiti nyingi za jambo moja na kuzipima kwa pamoja. Tena upo mpango wa Hinari, ambao Shirika la Afya Duniani lilianzisha pamoja na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, ili hospitali, vyuo na taasisi za nchi maskini zisome majarida ambayo kwa kawaida huuzwa ghali.

Kwa hiyo ghala lipo. Taabu ni kwamba ghala lenye rekodi milioni 35 ni kama soko kubwa siku ya gulio. Mfanyabiashara anayesoma makala hii anaelewa. Huendi sokoni Kasulu ukasimama katikati ukasema, "Nataka bidhaa." Utazungushwa mpaka jua lizame. Unakwenda ukijua unataka nini, cha aina gani, kwa ajili ya mteja yupi, na utakilinganisha na kipi.

Muuguzi naye afanye hivyo hivyo. Kabla hajagusa kompyuta, achukue karatasi aandike mambo manne. Kwanza, tunamzungumzia nani? Mtoto mchanga, katika nchi kama yetu. Pili, tunafikiria kumfanyia nini? Kumpaka klorheksidini kitovuni. Tatu, tunalinganisha na nini? Na kukiacha kitovu kikiwa safi na kikavu. Nne, tunataka kupata nini? Maambukizi yapungue, na zaidi ya yote vifo vipungue. Swali likishakaa hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya pili ni maneno. PubMed inatafutwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tunapokwama. Anayeandika "umbilical cord" peke yake ataletewa maelfu kwa maelfu ya makala, nyingi zikihusu damu ya kitovu inayotumika kutibu magonjwa ya damu, ambazo hazimsaidii mtoto wetu hata kidogo. Lakini akiandika "umbilical cord" AND chlorhexidine AND (newborn OR neonate OR infant), soko lote linanyamaza, wanabaki wauza bidhaa anayoitaka.

Maneno hayo mawili, AND na OR, yasimtishe mtu. Mama anayenunua vitenge anayatumia kila siku. Akisema, "Nataka kitenge au khanga, na iwe ya pamba," ameshatumia yote mawili. Neno "au" linapanua, kwa sababu mtafiti mmoja ataandika "newborn" na mwenzake "neonate" wakimaanisha mtoto yule yule. Neno "na" linabana. Anayeyachanganya bila mabano atapata fujo. Kuna na alama ya nyota: ukiandika neonat* utaletewa maneno yote yanayoanza hivyo.

Tena PubMed ina orodha yake ya vichwa vya mada, ambayo wenyewe huiita MeSH. Makala hupangwa chini ya vichwa hivyo, hata kama mwandishi ametumia maneno mengine. Kwa sisi wa Kifaransa, taasisi ya Inserm ya Ufaransa imekitafsiri kitabu hicho cha vichwa, kwa hiyo unaweza kuanza na neno la Kifaransa ukafika kwenye la Kiingereza. Kutojua Kiingereza vizuri kunapunguza mwendo tu, hakuzuii safari.

Hatua ya tatu ni kuchuja. Kanzidata inakuruhusu kudai tafiti za majaribio, ambamo watoto au vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu, au kudai mapitio yaliyokusanya majaribio mengi pamoja. Makala ya maoni ya daktari mmoja, hata akiwa profesa, haina uzito sawa na jaribio la watoto elfu thelathini. Pia inakuruhusu kuangalia mwaka. Mfanyabiashara wa dawa huangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na muuguzi naye aangalie tarehe ya utafiti.

Sasa tuone swali letu linajibiwaje, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Anayetafuta hivyo atakutana kwanza na Asia ya Kusini. Utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba klorheksidini ilipunguza maambukizi makali ya kitovu kwa robo tatu. Mwaka 2012 zikatoka tafiti mbili nyingine. Ule wa Pakistani ulionyesha vifo vya watoto wachanga vikipungua kwa asilimia 38. Ule wa Bangladesh ulionyesha vikipungua kwa asilimia 20 kwa watoto waliosafishwa mara moja tu, lakini kwa waliosafishwa siku saba haikuonekana tofauti ya uhakika. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 yalizipima tafiti zilizokuwapo yakasema dawa hii inapunguza vifo katika jamii za nchi maskini.

Muuguzi mvivu atasimama hapo, afunge kompyuta, aseme, "Pakeni." Wengi wamesimama hapo.

Lakini PubMed, chini ya kila makala, hukuonyesha makala nyingine zinazofanana nayo na zile zilizoitaja baadaye. Ukibofya utafiti wa mwaka 2012 na kufuata waliokuja nyuma yake, unafika mwaka 2016, na mambo yanabadilika. Mwaka huo zilichapishwa tafiti mbili kubwa za Afrika. Mmoja ulifanyika Mkoa wa Kusini wa Zambia. Mwingine ulifanyika Pemba, kisiwa ambacho wasomaji wa lugha hii hawahitaji kuelekezwa kilipo.

Huko Pemba waliandikishwa watoto zaidi ya 36,000. Waliopakwa klorheksidini walikufa 10.5 katika kila 1,000; walioachwa na kitovu kikavu walikufa 11.7. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Zambia nako dawa haikupunguza vifo.

Je, watafiti wa Asia walidanganya? Hapana. Mazingira ni tofauti. Katika maeneo yale ya Asia wengi mno walizaliwa nyumbani na vifo vya watoto wachanga vilikuwa juu. Zambia zaidi ya nusu ya watoto walizaliwa kwenye vituo vya afya, na Pemba vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo. Dawa inayookoa pale ambapo uchafu umezidi haiwezi kuonyesha nguvu hiyo hiyo pale ambapo mkunga ameshanawa mikono na wembe ni mpya.

Ndiyo maana hata Shirika la Afya Duniani limebadilisha maneno yake. Mwaka 2014 lilisema dawa ipakwe kila siku wiki ya kwanza kwa watoto waliozaliwa nyumbani, katika maeneo ambayo vifo vya watoto wachanga vinafika 30 au zaidi katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 2022 likasema utunzaji wa kitovu kiwe kisafi na kikavu, na klorheksidini ipakwe tu pale ambapo watu wana mazoea ya kupaka vitu vyenye madhara, kama kinyesi cha wanyama.

Sasa unaona, ndugu msomaji, kwa nini mama amepewa maagizo mawili. Huyu aliyemwambia "paka" pengine anafuata yale ya 2014. Yule aliyemwambia "acha" pengine anafuata yale ya 2022. Hakuna aliyekusudia kumpoteza. Wamesoma kurasa za miaka tofauti, na hakuna aliyemweleza mama hivyo.

Na kwetu Burundi je? Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha vifo vya watoto wachanga kuwa 23 katika kila 1,000, yaani chini ya ile 30. Wanawake wengi wanajifungulia vituoni, hasa tangu huduma ya kujifungua ilipofanywa bure mwaka 2006. Kwa hiyo kwa mtoto aliyezaliwa kituoni, ambaye nyumbani kwao hapakwi kitu, jibu langu kwa mama ni: nawa mikono, acha kitovu kikavu, kunja nepi chini yake, usifunge kitambaa juu yake, na ukiona wekundu, usaha, harufu mbaya au mtoto ana joto au hanyonyi, njoo siku hiyo hiyo.

Lakini kanzidata haiwezi kuniambia bibi wa mtoto ana nini mkononi. Hilo lazima niulize mwenyewe, kwa adabu, bila kumcheka mtu. Nikiambiwa nyumbani kuna samadi au majivu na hakuna namna ya kumkatalia mama mkwe, basi kumpa mama klorheksidini ichukue nafasi ya vitu hivyo kuna maana. Utafiti unatoa nusu ya jibu, na nusu ya pili anayo mama aliyekaa mbele yangu. Muuguzi anayechukua nusu moja tu hajamaliza kazi.

Hapa niwageukie wafanyabiashara, maana baadhi yenu mnabeba dawa ndogondogo pamoja na vitenge. Klorheksidini ya kitovu ina kipimo chake: asilimia 7.1 ya klorheksidini diglukoneti. Dawa ya kusukutua mdomo yenye jina hilo hilo si hiyo, na ile iliyochanganywa na spiriti kwa ajili ya kusafisha ngozi si hiyo. Zaidi ya hapo, Shirika la Afya Duniani limetoa tahadhari kuhusu watoto wa nchi kadhaa za Afrika walioumizwa vibaya macho, kwa sababu dawa ya kitovu ilipakwa machoni kwa makosa. Tyubu zake zinafanana na za dawa ya macho. Anayeiuza kwenye kikapu bila karatasi na bila maelezo anauza upofu bila kujua. Mwacheni mama aichukue kituoni.

Nirudi kwa wenye ofisi. Hinari haimpi mtu mmoja mmoja ufunguo, inaipa taasisi. Taasisi ikijiandikisha inapewa neno la siri kwa matumizi ya wafanyakazi wake. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi neno hilo lilikuwepo, lakini lilikaa kwenye droo ya mkubwa mmoja, na yeye mwenyewe hakuwa analitumia. Wauguzi hatukuambiwa kama lipo. Ni sawa na kupewa ghala la chakula cha msaada na kufungia mlango wakati watu wana njaa. Sidhani ulikuwa ubaya wa moyo. Ni ile fikra ya zamani kwamba kusoma utafiti ni kazi ya madaktari, na ya muuguzi ni kuchoma sindano na kufagia wodi.

Wapo watakaonipinga. Watasema muuguzi afuate mwongozo wa wizara, asijifanye mtafiti, la sivyo kila kituo kitakuwa na dawa zake. Hoja hiyo ina uzito. Nami sisemi muuguzi avunje mwongozo kwa sababu amesoma makala moja usiku. Nasema ajue mwongozo umetoka wapi, aweze kumweleza mama kwa nini, na akiona umepitwa na wakati apeleke ushahidi kwa wakubwa wake kwa maandishi. Tena hapa mpakani miongozo ni miwili, na mama ni mmoja. Mwongozo wa Bujumbura hauwezi kumsaidia muuguzi kumjibu mama aliyeshika karatasi ya kliniki ya ng'ambo.

Wengine watasema siku hizi unauliza tu kwenye simu, programu inakujibu kwa sekunde. Inajibu, ndiyo, na kwa ufasaha. Lakini programu hizo zinaweza kukutajia utafiti ambao haukufanyika popote. Anayejua kutafuta kwenye PubMed atahakiki kwa dakika mbili kama makala hiyo ipo. Asiyejua atameza alichopewa.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kila hospitali ya wilaya iandikishwe Hinari, na neno la siri lifike kwa wauguzi wake wote. Shule za uuguzi zifundishe kuuliza swali lenye sehemu nne na kutafuta jibu lake, pamoja na maneno mia moja ya Kiingereza ya kazi hiyo. Na kila kituo kitenge saa moja kwa wiki, wauguzi wachague swali moja lililoletwa na mgonjwa, wakalitafutie jibu. Vituo vya pande mbili za mpaka vikibadilishana majibu hayo, mama wa Kobero na mama wa Kabanga watasikia neno moja.

Nawe mama unayevuka na mtoto mgongoni, una haki ya kumuuliza muuguzi, "Haya umeyatoa wapi, na ni ya mwaka gani?" Usiogope kuonekana mjuaji. Sokoni hununui unga bila kuuliza umesagwa lini. Muuguzi mwenye jibu atakueleza kwa furaha. Asiye nalo akikwambia, "Njoo kesho nikutafutie," mshukuru na urudi kesho, kwa kuwa huyo ndiye wa kumkabidhi mtoto.